Mkate wa Ukumbi wa Waholanzi

Watu waliohamia mjini baada ya vita huniuliza, na wengine huuliza kwa kejeli, sisi tuliobaki kwenye Kasri la makumbusho miaka ile ya mzingiro wa Leningrad tulikuwa tunalinda nini, wakati picha zote zilikuwa zimeshapelekwa mbali, kwenye milima ya Urali. Nami huwajibu kwamba tulikuwa tunalinda kuta. Wakicheka, nawaambia wavue kofia kwanza ndipo tuendelee na mazungumzo.

Mimi naitwa Rimma Osipovna, mlinzi wa Ukumbi wa Waholanzi. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti karibu na mlango na kuhakikisha hakuna mkono unaogusa kitu. Nimewahi kumfokea jenerali akaomba radhi. Kasri hili lilijengwa na wafalme, malkia wakalijaza picha zilizoletwa na meli hadi hapo nje mtoni, lakini wafalme wamepita na sisi bado tupo. Hata paka wetu wana ukoo. Malkia mmoja, zamani za kale, alitoa amri waletwe kutoka mji wa Kazan waje kuwinda panya, na tangu siku hiyo paka wamekuwa watumishi wa Kasri sawa na sisi, ila wao hawaitwi mikutanoni.

Vita ilipoanza, picha zilitolewa kwenye fremu, zikafungwa kwenye masanduku, zikapakiwa kwenye treni. Fremu ziliachwa ukutani, kila moja mahali pake, ili picha zikirudi zijue kwao ni wapi. Aliyeondoka na masanduku ya ukumbi wetu alikuwa Agnia Lvovna, mwanamke mwembamba, mkali, ambaye akikusikia umekosea jina la mchoraji anakusahihisha hata kama uko mazikoni. Aliyebaki alikuwa Ksenia Platonovna, mtembezaji wetu wa wageni. Wawili hao walisoma pamoja, walipendana kama ndugu, na sijawahi kuwaona wakikubaliana juu ya jambo lolote.

Nilikuwapo walipoagana stesheni. Agnia alikuwa amekalia sanduku, bibi kizee wetu akiwa ndani yake.

"Usiziachie kuta zangu zikaota ukungu," alisema.

"Na wewe usiziachie picha zangu zikazoea Urali," Ksenia akamjibu. "Zikirudi zinaongea lafudhi ya huko, sizipokei."

Bibi kizee niliyemtaja ni picha. Mchoraji wake hajulikani, Mholanzi tu. Bibi amekaa mezani kwake, dirisha liko kushoto, mtungi wa bluu uko pembeni, kitambaa cheupe kimetandikwa, na kisu kimelala juu ya kitambaa. Haikuwa picha ambayo watu walivuka bahari kuja kuiona. Wageni waliipita wakitafuta zile kubwa, na wakinikuta pale waliniuliza choo kiko wapi. Lakini Ksenia aliipenda kuliko zote. Alikuwa akiwasimamisha wageni mbele yake kwa nguvu, akiwaambia, "Tulieni. Hapa ndipo mtu anapojifunza kutazama."

Majira ya baridi ya kwanza ya mzingiro sitayasimulia. Aliyekuwapo anajua. Tuliishi kwenye vyumba vya chini ya Kasri, sote, maprofesa na wafagiaji. Gundi ya maseremala tuliichemsha ikaganda, tukaila kwa kijiko. Mafuta ya mafundi wa picha tulikaangia maganda ya viazi, na mpaka leo nikisikia harufu yake mate yananitoka na machozi pia. Mafundi waliotengeneza masanduku ya picha wakawa wanatengeneza majeneza. Mama yake Ksenia tulimtoa pale chini kwa kigari cha kubebea sanamu. Paka wakatoweka, na tafadhali msiniulize walikwenda wapi. Mkate uliokuwa ukigawiwa kwa siku haukujaza kiganja, na ulikuwa mweusi, umechanganywa na vitu ambavyo hata farasi angevikataa.

Theluji ilikuwa imeingia kumbini kupitia madirisha yaliyovunjwa na mabomu. Jua la majira ya kuchipua lilipoanza kuyeyusha barafu, maji yakasimama juu ya sakafu ile ya mbao za rangi rangi ambayo wafalme walicheza dansi juu yake. Hatukuwa na nguvu za kuinua hata ndoo. Basi likaletwa kundi la askari kutoka mstari wa mbele, wavulana wa vijijini wengi wao, wapewe makoleo watusaidie. Walifanya kazi kwa siku kadhaa, walisomba maji na vioo na mchanga, wala hawakuvunja kitu. Walipomaliza, Ksenia Platonovna akasema hatuna cha kuwashukuru ila kimoja. Akajifunga shali la mama yake, akasimama mbele yao na kusema, "Karibuni kwenye makumbusho. Naomba msiguse."

Wakacheka. Kulikuwa na nini cha kugusa? Fremu tupu, ukuta kwa ukuta.

Lakini akaanza. Alisimama mbele ya fremu na kuwaambia ndani yake kuna nani, amevaa nini, mwanga unatoka upande gani. Sauti yake ilikuwa ndogo, akichoka anashika ukuta, anapumua, anaendelea. Baada ya fremu ya tatu hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, kazini kama kawaida, na kuna askari mmoja alinyoosha kidole karibu mno na fremu nikamfokea, "Wee! Rudisha mkono!" Akarudisha mkono na kuomba radhi. Nikwambieni ukweli, nilijisikia fahari ambayo sijawahi kujisikia mbele ya picha yoyote.

Kisha akafika kwa bibi kizee.

"Huyu yuko nyumbani kwake," alisema. "Asubuhi. Dirisha hili hapa. Mtungi wa bluu, ndani mna maziwa, ingawa hatuyaoni. Kitambaa cheupe, kimepigwa pasi, mikunjo yake inaonekana. Na juu ya kitambaa kuna mkate. Mkubwa, wa mviringo. Ganda limepasuka juu lilipokuwa tanuruni, na kwenye ufa ule kuna unga. Bado una joto. Ameshakata kipande kimoja, amekiweka pembeni, na kisu hiki hapa amekiweka chini."

Niliuona mkate ule. Naapa niliuona, na unga wake.

Nyuma kabisa alikuwapo mtegua mabomu mmoja mwenye masharubu mekundu, mtu mzima kuliko wenzake, jina lake Yegor Savelich. Akauliza kwa upole, "Binti, hicho kipande kilichokatwa ni cha nani?"

"Cha mgeni," Ksenia alisema. "Cha yeyote atakayeingia mlangoni."

"Kama ni hivyo mwambie bibi aniwekee. Sasa hivi natakiwa kazini."

"Atakuwekea, Yegor Savelich. Rudi tu."

Wakaondoka siku ileile kurudi mstari wa mbele. Ksenia aliwatembeza wengine baada ya hao, mabaharia, wauguzi, wazima moto, na kila mara bibi alikuwa na mkate wake. Habari ikaenea mjini kwamba kuna mwanamke Kasrini anayeonyesha picha ambazo hazipo. Watu walikuja kwa miguu, na katika mji ule wakati ule kutembea kulikuwa ni kuhatarisha uhai. Wakasikiliza, wakarudi makwao wima zaidi. Mimi nilikuwa shahidi.

Vita ikaisha. Majani ya vuli yalipokuwa yakianguka, masanduku yakarudi.

Agnia Lvovna aliteremka kwenye lori amekonda kuliko alivyoondoka. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Huko Urali alikuwa amelala miaka yote hiyo katikati ya masanduku, akiyapima joto na unyevu usiku na mchana, na baridi ilikuwa imemla vidole viwili vya mguu. Walikumbatiana na Ksenia uani, wakalia, halafu kama kawaida yao wakaanza.

"Mmekonda!" Agnia alisema. "Mlikuwa mnalinda nini hapa, misumari?"

"Misumari yote ipo, ihesabu," Ksenia alisema. "Na nyinyi mlikuwa mnalinda nini huko, viazi?"

"Viazi hivyo ungevijua, ungevipigia magoti."

"Nimepigia magoti maganda yake, mpenzi. Usinifundishe viazi."

Tukacheka sote. Maana ndugu zangu, tulikuwa tumeshinda. Hakuna picha hata moja ya ukumbi wetu iliyopotea. Mabomu yaligonga paa, maji yaliingia, watu walikufa, na kila fremu ilikuwa inangoja mahali pake. Kulikuwa na siku chache tu kabla ya kufungua milango, na ilishasemwa kuwa Ksenia Platonovna ndiye atakayewatembeza wageni wa kwanza. Nani mwingine? Mji mzima ulikuwa unamngoja yeye.

Sanduku la bibi kizee lilifunguliwa ukumbini kwetu, mbele ya wote waliobaki hai. Mafundi wakaitoa picha taratibu, wakaiweka kwenye fremu yake, wakaipandisha. Dirisha, mtungi wa bluu, kitambaa, mikunjo ya pasi, kisu.

Nilitazama, nikatazama tena. Ulimi wangu haujawahi kujua kusubiri.

"Mkate uko wapi?"

"Mkate gani?" Agnia aliuliza.

"Mkate wa bibi! Ulikuwa hapo, juu ya kitambaa, pembeni ya kisu. Mmeufanyia nini?"

Wenzangu wote tuliobaki mjini wakanguruma. Ndiyo, mkate uko wapi? Fundi mmoja alisema panya wa Urali wameula. Mimi sikucheka. Nilimsogelea Agnia na kumwambia wazi kwamba huko kwao wamesafisha picha kwa sabuni ya kufulia na kuufuta mkate wetu. Uso wake ukawa mweupe kuliko nywele.

"Rimma Osipovna," alisema, na kila neno alilitoa peke yake, "nimelala na sanduku hili ubavuni kwangu. Halikufunguliwa. Ila hata lingefunguliwa, kwenye picha hii hakujawahi kuwa na mkate. Mtungi, kitambaa, kisu. Bibi hana kitu mezani. Ndiyo maana ya picha yenyewe! Kisu kipo na cha kukata hakipo. Ksenia, wewe si ndiye uliyenifundisha hivyo? Mwambie!"

Ksenia alikuwa ameisogelea picha, pua yake karibu iguse rangi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumfokea mtu aliyesogea vile. Alitazama kitambaa kwa muda mrefu.

"Haupo," alisema. "Haukuwapo kamwe."

Akageuka na kututazama, kama mtu aliyeamka katika nyumba isiyo yake. Picha hiyo aliijua tangu ujana. Kila ufa wa rangi alikuwa anaujua. Na njaa ikaingia kichwani mwake kimyakimya, ikaoka mkate, ikauweka mezani, naye asijue. Wala sisi hatukujua, ingawa tulikuwa tumepita mbele ya bibi huyo kila siku kwa miaka kabla ya vita. Sote tuliuona.

"Niliwaongopea," alisema Ksenia. "Watu waliokuwa wanakwenda kufa, niliwapeleka makumbusho nikawaongopea."

"Ulikuwa na njaa, jamani," Agnia alisema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine.

"Wote walikuwa na njaa! Kazi yangu ilikuwa kutazama. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho, na hicho nacho sikukiweza."

Akaenda ofisini akasema hatatembeza mgeni tena, si siku ya kufungua wala siku nyingine. Aliomba apewe kazi ya kupokea makoti mlangoni. Nilimfuata hadi chini ya ngazi nikamgombeza, nikamwambia, "Una wazimu? Mji unakungoja wewe!" Akanijibu, "Mji unangoja mkate, Rimma. Wataniuliza uko wapi, nami nitasema nini?" Nilipanda ngazi nikilia kwa hasira.

Siku ya kufungua, foleni ilifuata ukingo wa mto hadi mbali. Baridi ilikuwa imeanza. Wanawake walikuwa wamevaa magauni yao ya kabla ya vita, yakiwaning'inia mabegani, na wanaume walivaa medali. Baadhi ya madirisha yetu yalikuwa bado yamezibwa kwa mbao, na ukitazama juu uliona dari iliyolowa. Lakini picha zilikuwa zimerudi kwao, sakafu nilikuwa nimeisugua mwenyewe, na chini jikoni kulikuwa na paka wapya walioletwa kwa treni kutoka mji wa Yaroslavl, wanatembea kwa maringo kana kwamba wametumwa na malkia yuleyule. Nilikaa kwenye kiti changu nimenyoosha mgongo. Kama kuna aliyekuwa na fahari kunizidi siku hiyo, alikuwa amekaa kwenye jukwaa la gwaride la ushindi.

Agnia Lvovna alitembeza wageni badala ya Ksenia, ameshika fimbo ya mtembezaji ya kuonyeshea picha. Alitembeza vizuri, kwa usahihi, tarehe na majina yote mahali pake, na kwa bibi kizee alitumia maneno machache tu akapita. Watu walikuwa wanageuka geuka. Mama mmoja alininong'oneza, "Yule wa fremu tupu yuko wapi? Amekufa?" Nikamwambia yuko hai, anapokea makoti.

Ndipo nikamwona mtu amesimama mbele ya bibi, kundi limeshampita. Koti la kijeshi lisilo na vyeo, mkono mmoja wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini, maana ndani yake hamkuwa na mkono. Masharubu mekundu, sasa yana mvi.

Niliondoka kitini, jambo ambalo limekatazwa, nikashuka ngazi za marumaru mbio, na kwa umri wangu huo ulikuwa ni ujinga. Nikamshika Ksenia mkono pale mlangoni, koti la mtu bado liko begani kwake.

"Yule mtegua mabomu amerudi. Yuko kwa bibi."

Alitaka kukataa. Nilimvuta. Nilimwambia, "Ulimwambia arudi, amerudi. Sasa unajificha kwenye makoti?"

Akapanda.

Yegor Savelich alimtambua kabla hajafika. Alisimama wima kama anampigia saluti mkubwa wake. "Binti. U hai."

"Ni hai, Yegor Savelich. Na wewe."

"Kasoro kidogo." Akageukia picha. "Nimetembea nchi nyingi, hadi Berlin. Popote tulipolala nilikuwa nawasimulia wenzangu kwamba kule Leningrad kuna kipande changu cha mkate nimewekewa. Nimekuja kukichukua. Sasa natazama na hakionekani."

Kundi zima lilikuwa limerudi na kutuzunguka. Agnia alikuwa mbele yao, ile fimbo yake ya kuonyeshea mkononi.

"Nisamehe," alisema. "Mkate haukuwapo. Niliuweka mimi, wala sikujua kama ninauweka. Hakuna kipande. Hakikuwapo tangu mwanzo."

Yule mtu aliinama akaitazama meza, kitambaa, kisu. Aliitazama kwa makini, kama mtu aliyezoea kutafuta ardhini kitu kinachoweza kumuua. Mwisho akajinyoosha.

"Haukuwapo namna gani, na mimi niliuona?" alisema. "Kisu hiki hapa, na mkate ulikuwa hapa. Ngoja." Akatutazama mmoja mmoja, Ksenia na shali lake, mimi na mashavu yangu yaliyobonyea. Masharubu yakaanza kutikisika. "Aa. Nimeelewa. Mmeula."



Na aliyejibu alikuwa Agnia Lvovna. Agnia, ambaye hajawahi kuiachia tarehe moja ipite bila kusahihishwa. Alishusha fimbo yake chini.

"Wameula, ndugu," alisema kwa sauti ya mtembezaji, wote wasikie. "Waliobaki hapa ndio walioula. Mimi nilikuwa Urali, sikupata."

"Na kipande changu pia?"

"Na chako," Ksenia alisema, analia, anacheka. "Hata makombo, Yegor Savelich. Hatukukubakizia."

"Mlifanya vizuri," alisema yule mtu. Akavua kofia kwa mkono wake mmoja. "Vizuri sana. Nilikuwa naogopa nitaukuta mzima, na nyinyi hampo."

Agnia akampa Ksenia fimbo.